Siku Moja Ndani ya Mashua: Vijana wa Eastlands Katika Mkono wa Bahari wa Kilifi

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya wazazi na vijana wa mitaa ya Eastlands. Aliyeitoa ni mzee mmoja, mkazi wa Makongeni, aliyekuwa fundi katika karakana za reli. Tumeyaacha maneno yake kama alivyoyasema, ila tumepunguza yale ya salamu.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliosongamana huko nyuma karibu na mlango:

Nimeombwa nieleze habari za safari yetu ya mwezi wa Agosti, tulipowachukua vijana sita wa mitaa hii kwenda pwani, tukashinda siku nzima ndani ya mashua ya tanga katika mkono wa bahari wa Kilifi. Wengi wenu mmekwisha kuzisikia habari hizi njiani, na kwa kuwa habari za njiani hazikosi kutiwa chumvi, nimeambiwa ya kwamba tulizama. Hatukuzama. Lakini lilikuwako jambo ambalo, lau mtu mmoja asingalikataa kunitii, huenda nisingalisimama hapa jioni hii. Jambo hilo nitalisema mahali pake, wala sitalificha, maana kosa lilikuwa langu.

Sababu ya safari mnaijua. Wakati wa mvua za masika mtoto mmoja wa mstari wetu wa nyumba alikwenda pamoja na wenzake kuoga katika shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Alikuwa na umri wa miaka 12. Baada ya maziko kila nyumba ilitoa amri ile ile, kwamba mtoto yeyote asiyakaribie maji, na mimi pia niliwaamuru hivyo wajukuu wangu, tena kwa fimbo mkononi. Kisha usiku nikawa ninafikiri. Sisi wazee tunaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka Mombasa na watu 272 wakafa, si mbali na gati. Wale hawakuwa watoto watundu waliokwenda kuoga. Walikuwa watu wazima wanaokwenda kazini asubuhi. Maji hayamngoji mtu ayafuate. Hata hapa Nairobi, mvua ikinyesha sana, mto hututafuta vitandani mwetu. Basi nikaona ya kuwa amri yangu ilikuwa nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ni kumfundisha mtoto nini la kufanya akiwa ndani ya maji.

Nina shemeji yangu aliyeoa na kukaa Takaungu, kusini ya Kilifi. Nikamwandikia habari, naye akajibu kwamba yuko nahodha mmoja wa hapo, mzee mwenzangu, ambaye huwafundisha watoto wa kijiji kuelea, na kwamba mashua yake hukodishwa kwa siku. Tulichanga fedha, wazazi wakatia sahihi, tukapanda gari la moshi la reli mpya, ile iliyoanza kuchukua abiria tarehe 31 Mei 2017. Mimi niliyekula mkate wa reli ya zamani miaka mingi nilikuwa nimejiandaa kuitafutia makosa reli hii, lakini nilisinzia tangu Voi hata nikaamshwa Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kilometa 60 hivi kwa matatu.

Kabla sijaendelea, nataka kuwaeleza mahali penyewe palivyo, kwa sababu watu wengi wa bara hudhani ya kuwa pwani ni mchanga na minazi tu. Kilifi si hivyo. Ukisimama juu ya daraja, ambalo lilifunguliwa mwaka 1991, unatazama chini na kuona maji ya samawati na kijani yanayopita katikati ya magenge ya mawe, huku na huku, kama barabara kati ya majumba ya ghorofa. Mawe hayo ni matumbawe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita yalikuwa yakiishi chini ya bahari, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Halafu, kama wanavyoeleza wataalamu, nchi za kaskazini zilifunikwa na barafu nyingi, na maji ya bahari yakapungua. Yapata miaka 20,000 iliyopita yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 100 chini ya mahali yalipo sasa. Mito iliyotoka barani ikawa na mteremko mkali, ikayakata matumbawe yale kama msumeno ukatavyo ubao, ikachimba korongo refu. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda tena ikaingia ndani ya korongo. Kwa hiyo ule tunaouita mkono wa bahari, kwa hakika ni korongo la mto lililozama. Na Kilifi si pekee yake: Mtwapa asili yake ni hiyo, na ile mikono miwili inayoizunguka Mombasa vilevile, ndiyo maana meli kubwa huweza kuingia Kilindini.

Tulikutana na nahodha saa mbili asubuhi kwenye gati ya feri ya zamani, chini ya daraja. Alikuwa ametoka Takaungu alfajiri na baharia wake mmoja. Vijana wakamwamkia, akawaitikia marahaba mmoja mmoja, akimtazama kila mtu miguu. Nilidhani anatazama viatu. Kumbe alikuwa akitazama nani anasimama imara na nani magoti yanatetemeka. Alipomfikia kijana mmoja, akasema, "Wewe mwanangu utakaa karibu na mlingoti, uushike." Sikuwa nimemwambia neno lo lote. Kijana yule ni kaka wa mtoto aliyekufa katika machimbo. Kwa idhini ya mama yake ninamtaja, bila jina. Kijana huyu alikuwa na miaka 17, na tangu maziko hata kuvuka daraja la mto pale Gikomba alikuwa hataki, huzunguka njia ndefu.

Mashua ile ilikuwa ya mbao, urefu wake kama futi 25, na mlingoti wake umeinama mbele kidogo. Juu ya mlingoti hupandishwa foromali, yaani boriti ndefu yenye kulibeba tanga, na tanga lenyewe lina pembe kali kama bawa. Kamba ya kulipandisha huitwa jarari. Ile ya kulishika lisipeperuke huitwa demani, nayo hukaa mkononi mwa baharia wakati wote, haifungwi moja kwa moja, ili upepo ukizidi aiachilie. Nilizitazama kamba zile kwa jicho la fundi. Katika karakana tulikuwa na vyuma vya kila namna vya kufanya kazi ambayo hapa hufanywa kwa fundo moja na kidole gumba. Kila mtu alivikwa fulana ya kuelea, nahodha akazikaza kamba zake yeye mwenyewe. Mmoja wa vijana, wa Jericho, akasema yeye anajua kuogelea na fulana inamwonea joto. Nahodha akamjibu, "Vizuri. Basi ukianguka utakuwa umevaa na unajua." Akaivaa.

Sasa habari ya maji. Siku ile mwezi ulikuwa wa siku 11. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika kama 50, na kwa hiyo saa ya kujaa hubadilika kila siku, na baharia huihesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana; tofauti yake pwani yetu hukaribia mita 4. Katikati ni maji mafu. Kwa mwezi wa siku 11 maji yangejaa kama saa saba mchana. Nahodha alikuwa amepanga mambo yake hivi: tuingie ndani na maji yanayojaa, tukisukumwa na kusi kutoka nyuma, ilipofika saa sita tugeuze, tupigane na upepo polepole, na saa nane tuwe mlangoni pa bahari wakati maji bado hayajapata nguvu ya kurudi. Ndipo tutoke nje, twende Takaungu kwa bahari kuu. Nilikuwa nimewaahidi vijana bahari kuu. Kule Takaungu shemeji yangu alikuwa akipikisha pilau. Yashikeni mambo hayo mawili, ahadi na pilau, maana ndiyo yaliyonipofusha.

Tukaanza. Upepo wa asubuhi ulikuwa mwembamba, na ndani ya korongo palikuwa kimya hata tukasikia maji yakilamba mbao. Vijana wetu hawa, ambao hapa hawawezi kukaa dakika tano bila muziki, hawakusema neno. Magenge yalipita taratibu, yenye mapango madogo chini yaliyochimbwa na mawimbi, na juu yake mizizi ya miti imening'inia.

Tulitia nanga kwanza upande wa kusini, tukapanda ngazi zipatazo 100 mpaka magofu ya Mnarani. Ulikuwako mji hapo tangu karne ya 14 hata mwanzo wa karne ya 17, na bado misikiti miwili yaonekana, na makaburi, moja lenye nguzo ya mawe, na mibuyu minene ambayo labda ilikuwapo kabla ya jina la Nairobi kutamkwa na mtu yeyote. James Kirkman, yule aliyekuwa mlinzi wa magofu ya Gedi tangu mwaka 1948, ndiye aliyechimba hapa katika miaka ya 1950. Kilichowashangaza vijana si misikiti bali kisima chake, kirefu sana, kilichochongwa ndani ya matumbawe. Kijana wa Mbotela, ambaye nyumbani kwao maji ya bomba huja siku mbili kwa juma, alikitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Akauliza, "Walichimba kwa nini, na maji yote haya yako chini?" Msichana wa Bahati akamjibu kabla yangu kwamba yale ni ya chumvi. Jambo hilo la chumvi hakuna aliyekuwa amelifikiri mpaka dakika ile.

Baada ya Mnarani tukaendelea. Nahodha alitueleza jinsi alipokuwa kijana, kabla ya daraja, magari yalivyokuwa yakipanga mstari kungoja feri, na akina mama wakiuza korosho madirishani. Daraja lilipokuja, alisema, safari za abiria zikawa nyepesi na kikapu cha korosho kikawa kizito.

Halafu korongo likafunguka ghafula, tukaingia katika maji mapana kama ziwa. Mahali hapo huitwa Bahari ya Wali. Niliuliza kama ni wali wa chungu, nahodha akacheka asinijibu, na hata leo sijui alinicheka mimi au jina. Pembeni pote ni mikoko. Tuliona ndege wengi weupe na wa kijivu wamesimama kwa mguu mmoja kwenye matope. Kijana wa Jericho akauliza wanaitwaje kwa Kiswahili, nikamwambia korongo. Wakacheka wote: korongo ndani ya korongo! Wako pia ndege wekundu walao nyuki, ambao hulala kwa maelfu katika mikoko hii, lakini hao huja wakati wa kaskazi, nasi tulikwenda wakati wa kusi. Mwenye kutaka kuwaona asifuate tarehe yetu.

Kwenye fungu la mchanga, maji yakiwa ya kiunoni, nahodha akawateremsha vijana kwa zamu, akawafundisha kuelea. Njia yake ni rahisi hata nikaona haya kwamba nimefika uzeeni bila kuijua. Mtu hulala chali. Masikio lazima yaingie majini; mwenye kuinua kichwa ili asikie, miguu yake huzama na mwili wote huifuata. Kifua hujazwa pumzi, mikono hufunguliwa, na macho hutazama juu. Kwanza nahodha aliweka kiganja kimoja tu chini ya mgongo, kisha akakiondoa bila kusema. Msichana wa Bahati alikuwa ameelea dakika nzima kabla ya kutambua kuwa kiganja hakipo, na alipotambua akapiga kelele na kunywa maji. Mara ya pili hakupiga kelele. Nahodha akawaambia kwamba mtu akitumbukia ghafula, asianze kwa kupiga maji kama anayefukuza nyuki, ajilaze kwanza, apate pumzi, ndipo aite. Na aliye ukingoni asirukie. Atafute kamba, au ubao, au dumu tupu, amtupie mwenzake. Katika shimo letu la machimbo, watoto wanne walikuwa ukingoni, na palikuwa na madumu.

Watano walielea. Kijana wetu wa sita hakushuka. Alikaa mahali alipowekwa, ameushika mlingoti. Nahodha hakumwita.

Tukala, ikawa saa sita. Nahodha akasema, "Mzee mwenzangu, sasa tugeuze." Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Nilitaka kuwaonyesha vijana mahali mto wenyewe unapoingia, maana mbele ya Bahari ya Wali mkono unagawanyika na kuwa mwembamba, na mito ya Rare na Nzovuni huja kutoka barani. Nikamwambia nahodha, "Maji si bado yanajaa? Tuongeze nusu saa." Akasema kuwa yanajaa, ndiyo, lakini huko mbele ni matope, na mwenye kukwama maji yakiwa yamejaa hana maji mengine ya kumwinua. Mimi nikaona anaogopa kazi. Nikasisitiza. Yeye ni mtu wa adabu, na mimi ndiye niliyelipa, akanipa nusu saa yangu.

Tulipita kati ya mikoko, matawi karibu yaguse tanga, mahali pazuri mno, sitasema uongo. Saa saba kasoro kidogo mashua ikasimama. Haikugonga, ilisimama tu kama gari lililokwisha mafuta. Nahodha akatazama mizizi ya mikoko, akaona alama ya unyevu imeanza kubaki juu ya maji, upana wa kidole. Akasema neno moja: "Yanarudi."

Wenyeji wana neno la hali hiyo, ni kupwelewa. Chombo kilichopwelewa pale kingelala ubavu kwenye matope mpaka usiku wa manane. Nahodha akaanza kutoa amri fupi fupi. Tanga likashushwa. Maji ya kunywa, sufuria, mawe ya uzito yaliyokuwa chini, vyote vikatolewa na kuwekwa juu ya mizizi. Baharia akashika upondo. Sisi wengine tushuke tusukume. Nikatazama matope yale meusi, nikasita, mimi mwenye kuleta shida yote. Aliyetangulia kushuka alikuwa kijana wa mlingoti. Hakusema kitu, aliuachia mlingoti, akapita kati yetu, akatumbukia mpaka kifuani, akaweka bega lake chini ya omo. Ndipo sote tukashuka.

Ilikuwa kazi ya zaidi ya nusu saa. Unasukuma, mguu unazama; unautoa, kiatu kinabaki. Tulipopumzika kidogo, msichana wa Bahati akaokota chupa ya plastiki iliyonaswa katika mizizi, akauliza kama imetoka kwetu Nairobi. Nikamwambia sivyo, maana mito hii si yetu. Lakini swali lake lina jibu linalotuhusu, na ninapenda kulisema katika ukumbi huu. Mto unaopita Gikomba na Shauri Moyo, ukapita kando ya jaa la Dandora, hauishii Dandora. Unaingia mto Athi, unashuka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, unapita Tsavo ambapo huitwa Galana, unabanwa katika mawe ya maporomoko ya Lugard, na mwisho, kwa jina la Sabaki, unaingia baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo sisi wa Eastlands tuna jirani huko pwani tusiowajua, ambao hupokea tunavyovitupa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na mifuko imepungua kweli, lakini chupa na ndara bado. Huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda mashua nzima kwa taka za plastiki, wakaivika ndara zilizookotwa, wakaiita Flipflopi. Ilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 ikaenda kwa tanga kutoka Lamu hata Zanzibar. Chupa ile tuliitia katika mashua.

Hatimaye omo ikateleza, mashua ikapata maji. Ilikuwa saa saba u nusu imepita. Tukapakia vitu upya, tukaondoka kwa kasia, na tulipofika mahali papana tukapandisha tanga. Lakini sasa kusi ilikuwa imekomaa, nayo ilitupiga usoni. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja mahali upepo utokako; hubisha, yaani hukata upande huu, kisha hukata upande ule, na kila mkato husonga mbele kidogo. Kila tulipogeuza, foromali ilipitishwa mbele ya mlingoti, na sisi sote tukahamia upande wa pili, vichwa chini. Vijana waliipenda kazi hiyo kuliko zote. Mimi nilihesabu mikato 23, kisha nikaacha kuhesabu nikawa ninatazama saa.

Tulifika chini ya daraja saa kumi u nusu. Nahodha akaelekeza omo kwenye gati ya feri, akamwambia baharia ashushe tanga. Nikamwuliza, "Mbona tunasimama?" Akasema, "Leo hatutoki. Mtakwenda Takaungu kwa gari."

Ndugu zangu, nilikuwa nimechoka, miguu yangu haina viatu, nimepakwa matope mpaka shingoni, na pilau linanisubiri. Nikamwambia maneno ambayo sasa nayaonea haya mbele yenu. Nilimwambia kwamba yeye amelipwa atufikishe Takaungu kwa bahari, na kwamba kama ni mwoga angesema asubuhi. Nilisema hayo mbele ya watoto. Nahodha hakukasirika. Alifunga kamba ya mbele, akaikagua, akafunga na ya nyuma. Kisha akasema, "Mzee mwenzangu, fedha yako nitakurudishia nusu. Sasa twende juu nikuonyeshe kitu."

Tukapanda sote mpaka darajani, tukatazama upande wa mashariki, kule korongo linapofika baharini. Maji yote tuliyoingia nayo asubuhi, Bahari ya Wali nzima, yalikuwa yakirudi baharini kwa kupitia mlango ule mwembamba. Na kusi, baada ya kuvuma mchana kutwa, ilikuwa ikiyazuia kutoka nje. Mahali yalipokutana palikuwa peupe. Hata kwa umbali ule tuliona mawimbi yakisimama wima, mafupi, yakianguka hapo hapo yaliposimama, yakisimama tena. Asubuhi tulipopatazama mahali hapo palikuwa tambarare kama meza. Nahodha akasema kwamba mashua yake ingeingia hapo na huenda ingetoka. Amekwisha kuipitisha siku mbaya kama hiyo, akiwa na mabaharia watatu. "Lakini leo nina watoto sita," alisema, "na wewe."

Nikamwomba radhi pale pale darajani, kwa sauti ambayo vijana waliisikia, maana matusi pia waliyasikia. Akanipa mkono. Ile nusu ya fedha nilikataa kuipokea.

Tulikwenda Takaungu kwa gari, pilau likiwa limepoa na shemeji yangu amekasirika. Alfajiri ya pili, kabla ya jua kutoka, upepo ukiwa umelala, nahodha na baharia wake waliitoa mashua Kilifi peke yao. Vijana sita walikuwa wamekwisha kuamka wenyewe, jambo ambalo mama zao hapa hawataliamini, wakawa wanamngoja ufukoni Takaungu. Tanga lilipotokea, kijana wetu wa mlingoti aliingia majini mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni, akaipokea kamba. Nahodha akamwambia alale chali. Akalala. Sikuona kama kiganja kilikuwapo chini ya mgongo wake au hakikuwapo. Nilikuwa nikitazama upande mwingine, kwa sababu zangu.

Sasa mambo ya kazi. Tunataka kupeleka vijana wengine 12 katika likizo ya Desemba, na mara hii nahodha ndiye atakayepanga saa, mimi nitabeba sufuria. Wenye kutaka waandikishe majina kwa mlinzi wa ukumbi huu, pamoja na sahihi ya mzazi. Pia kuanzia Jumamosi ijayo, wale sita wamekubali kuwaonyesha watoto wa mitaa yetu namna ya kumtupia mtu kamba na dumu. Hiyo haihitaji bahari, uwanja wa nje unatosha, nasi tumekwisha kupata kamba. Madumu matupu ninaomba kwenu.

Mama wa yule kijana amekaa pale mstari wa tatu. Aliniambia nisiseme zaidi ya nilivyosema, nami ninamtii. Bwana Mwenyekiti, kama yako maswali, niko tayari.